Sitara ni ya nani?

Rafiki yangu anayesomea uuguzi aliniuliza swali ambalo nilidhani nitalimaliza kwa dakika mbili, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma dini. Mwanamke amekuja kliniki ya wajawazito. Kichwa kinamuuma, halali usiku, moyo unamwenda mbio. Malaria hana, presha ni ya kawaida. Kwenye mkono ana alama za vidole. Je, muuguzi amuulize kama kuna mtu anayemuumiza nyumbani? Au kuuliza hivyo ni upelelezi uliokatazwa katika Suratul Hujurat, na ni kuivua sitara nyumba ya Muislamu?

Sikuwa na jibu. Nimelizunguka swali hilo muhula mzima, na ninaloandika hapa ndilo nililofikia.

Sote tuliokulia Kampala tunaujua msemo wa Kiganda: *eby'omu nju tebittottolwa*, ya nyumbani hayasimuliwi nje. Ssenga humwambia bibi harusi, na sisi Waislamu tumeuongezea hadithi ya kumsitiri Muislamu mwenzako ukaonekana ni fundisho la dini. Wakati huohuo, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016 uliwauliza wanawake wa Uganda wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuolewa, na 56 katika kila 100 wakasema wameshafanyiwa ukatili na mume au mwenzi: wa kipigo, wa kitandani, au wa matusi na vitisho. Kwa hesabu hiyo, kwenye benchi la kliniki wanapokaa wanawake kumi, huenda watano au sita wanajua ninachokizungumzia. Na wote watasema wameanguka bafuni.

Sasa turudi kwenye hadithi ya sitara. Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anaeleza kwamba sitara inayosifiwa ni ya dhambi iliyokwisha kupita, ya mtu asiyejulikana kwa kudhuru watu. Uovu unaoendelea hukatazwa, haufunikwi. Tena ni Nawawi huyohuyo, katika Riyadhus Salihin, anayetaja mambo sita yanayohalalisha kumsema mtu asiyekuwepo, na la kwanza ni malalamiko ya aliyedhulumiwa kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Nilipoyaweka mafundisho haya mawili pamoja, nikaona tumekuwa tukiuliza vibaya. Tunauliza kama sitara ni wajibu. Hatuulizi sitara hiyo ni ya nani. Mimi naona ni ya mwenye jeraha. Yeye ndiye wa kuamua afunuliwe wapi na kwa nani. Mpigaji hana haki ya kujifunika kwa kimya cha aliyempiga.

Kuna kisa ambacho nashangaa hatukisikii kwenye khutba. Imam Malik anasimulia katika Muwatta kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda kuswali alfajiri akamkuta mwanamke mlangoni pake gizani. Alikuwa Habiba bint Sahl, mke wa Thabit bin Qays, naye Thabit ni sahaba mkubwa. Katika mapokezi ya Abu Dawud imetajwa kwamba alikuwa amempiga hadi kumvunja sehemu ya mwili. Mtume alimuuliza ni nani, kisha akamuuliza ana nini. Hakumwambia arudi akasubiri, wala hakumkumbusha cheo cha mumewe. Mume alipokuja, Mtume alimwambia tu kwamba Habiba ameyasema aliyojaaliwa na Allah kuyasema. Hakumrudishia neno moja la aliyoyasikia. Ndoa ikavunjwa, Habiba akaenda kwa watu wake.

Nikimjibu rafiki yangu leo, nitamwambia mambo yote yamo humo: uliza, kwa maneno machache, na ulichokisikia kibaki kwako. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa 2013 halikusema kila mwanamke aulizwe. Lilisema aulizwe yule mwenye dalili, mahali pa faragha, na muuguzi asilazimishwe kisheria kupeleka taarifa polisi bila ridhaa yake. Faragha ndiyo tunayoikosa. Niliwahi kumsindikiza jirani yetu kwenye kituo kimoja cha afya, na swali la kwanza aliulizwa kwa sauti mbele ya foleni nzima, mama mkwe akiwa amemshika mkono. Angejibu nini?

Sheria tunayo. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inatambua hata mateso ya nafsi na ya mali, na malalamiko yanaweza kuanzia mahakama ya LC mtaani. Ipo pia Fomu ya Polisi Namba 3 ambayo daktari huijaza majeraha. Lakini mwanamke anayepelekwa polisi kabla hajawa tayari, jioni anarudi kwenye nyumba ileile. Uamuzi uwe wake, ila pale maisha yake au mtoto yanapokuwa hatarini. Hapo sioni jinsi kunyamaza kunavyoweza kuitwa amana.

Linalonisumbua zaidi ni la nafsi. Tuseme daktari amegundua ni sonona, akampa vidonge, naye akaanza kulala. Je, ametibiwa, au amesaidiwa kuvumilia kipigo? Sizipingi dawa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934, aliandika kwamba nafsi huugua na hutibiwa kama mwili, na aibu tunayoihusisha na jina la Butabika haina asili katika dini yetu. Yakub (a.s.) alilia hadi macho yakawa meupe, na bado subira yake ndiyo iliyoitwa njema. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba watu wenye sonona walipokaa kwa vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari, wengi walipona. Vikundi kama hivyo vingeweza kukaa hata kwenye baraza la msikiti. Lakini dawa na kikundi vinamtibu aliyepigwa. Anayepiga hajaguswa.

Na hapo ndipo inapotugusa sisi wa Islamic Studies, maana wengi hawaanzii hospitali. Wanaletwa kwa sheikh wasomewe ruqya, mume akiwa ndiye aliyeleta na ndiye anayeeleza ugonjwa. Kusoma tusome, Qur'ani ni shifaa. Lakini kabla ya kumtafuta jini, mume atoke nje, abaki mama au dada anayeaminika, na mgonjwa aulizwe mwenyewe ana nini.

Ramadhani ikikaribia tutaandaa tena kambi ya afya, inshaallah. Naomba kamati ifikirie meza ya kupimia presha: isiwe uwanjani kama ilivyo desturi. Iwekwe nyuma ya pazia, na dada mmoja wa uuguzi, na viti viwili tu.