Jumanne: Ngome Mbili

Soma Mithali 18:10, 11. Mafungu haya mawili yanataja kinga mbili. Zinatofautiana wapi?

Mwamini wa Lemara aendapo katikati ya jiji la Arusha hulikuta, mwishoni mwa Barabara ya Boma, jengo la kale lenye kuta nyeupe. Tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule huingia humo kwa furaha. Lakini halikujengwa kwa ajili ya furaha.

Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, chini ya Mlima Meru. Jeshi la Wajerumani lililipiza kisasi kwa silaha, na kufikia mwaka 1900 boma lilikuwa limesimama. Waarusha na Wameru walilazimishwa kulijenga. Walibeba mizigo ya ujenzi, lakini kazi hiyo haikuwapatia kimbilio; walijenga mahali pa kutawaliwa. Kisha, mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliutwaa mji. Kuta zilikuwa zilezile, ila bwana alikuwa mwingine.

Hivyo ndivyo zilivyo ngome za wanadamu: humtumikia yeyote mwenye ufunguo. Fungu la 11 lasema kwamba ukuta wa tajiri ni mrefu katika mawazo yake mwenyewe. Akiba ya benki, cheo, geti la chuma na vipande vya chupa juu ya ukuta vina kazi yake, lakini haviwezi kumpa mtu amani ya moyo saa ya msiba.

Ngome ya fungu la 10 ni jina la Bwana. Hakuna aliyeijenga kwa shuruti, wala hakuna jeshi liwezalo kuiteka. Mwenye haki anatakiwa kufanya jambo moja tu: kukimbilia ndani. Mjane wa chumba cha kupanga huingia kwa mlango uleule anaoingia mwenye nyumba ya ghorofa. Lakini akimbiaye hukiri kwamba yumo hatarini, na hapo ndipo wengi hukwama. Anayejiona salama hakimbii.

Ni kitu gani unachokitegemea leo ambacho mtu mwingine anaweza kukitwaa kesho? Ni jirani yupi alalaye kwa hofu, nawe utamwonyeshaje mlango wa ngome hii juma hili?