Mtoto Si Deni la Bibi Harusi



Hapa kwetu Villawood, harusi ikipita miezi michache tu, bibi harusi huanza kuulizwa wakati wa chai baada ya ibada: "Dada, habari njema lini?" Tunauliza kwa upendo. Lakini mimi kama muuguzi naomba tujiulize: je, tuna haki ya kudai jibu?

Mwanamke kwa kawaida ana kromosomu 46 katika seli zake, mbili kati ya hizo zikiwa X. Katika hali iitwayo Turner, inayompata takriban msichana 1 kati ya 2,000 hadi 2,500, X moja hukosekana au huwa pungufu. Wengine wana mchanganyiko: seli nyingine zina X mbili, nyingine moja. Si laana wala kosa la wazazi.

Dada mwenye mchanganyiko huu anaweza kupata hedhi, na wengine hushika mimba bila msaada. Lakini mara nyingi mayai huisha mapema, na mimba huharibika zaidi ya kawaida. Tena mshipa mkuu wa damu utokao moyoni unaweza kutanuka, hata kuchanika wakati wa ujauzito. Ndiyo maana moyo hupimwa kabla ya mimba.

Sasa fikirini. Daktari amemwambia, "Subiri, tupime moyo kwanza." Jumapili anakutana na maswali yetu. Akiacha kipimo kwa kuogopa kuitwa tasa, tutajibu nini mbele za Mungu?

Mtasema mahari imetolewa, na ukoo nyumbani unangoja. Najua. Mtoto ni baraka kweli, lakini baraka hupokelewa, haidaiwi. Kumwomba Mungu na kupima moyo havipingani.

Mkumbukeni Hana. Penina alimchokoza, na Eli, kuhani mzima, alidhani amelewa kabla hajamwuliza. Lakini Elkana alimpenda kabla Samweli hajazaliwa. Sisi ni nani katika habari hiyo?

Dada yangu, ukienda kwa daktari, omba mkalimani wa Kiswahili. Namba ya simu ni 131 450. Hulazimiki kumtegemea jirani wala mkwe akutafsirie siri yako.

Nasi wengine, Jumapili hii tumwulize tu, "Hujambo, dada?" Kisha tumpe chai.

Mungu awabariki.