Hikima na Dhima: Somo la Mtongwe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji, wengi katika sisi hudhani kuwa mwenye hikima ni yule aliyesoma vitabu vingi na kuhifadhi maneno mengi. Walakini wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wamelifungamanisha neno "hikma" na neno "hakama", nacho ni chuma cha lijamu kitiwacho kinywani mwa farasi ili asimpeleke mpandaji asikotaka. Kwa maana hiyo, tuyajuayo huwa hikima pale yanapotushika na kutuzuia. Elimu isiyomzuia mwenyewe ni kama lijamu iliyotundikwa ukutani ilhali farasi yuwakimbia.

Twataka kulipima jambo hili kwa msiba uliotufika sisi wenyewe, watu wa Mombasa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mtongwe, upande wa Likoni, kuja kisiwani ilipinduka katika maji ya Kilindini. Wengi wa waliokuwamo walikuwa wakenda kazini. Chombo kilichokadiriwa kuchukua watu 300 kilikuwa kimebeba kiasi cha 400, na roho zaidi ya 270 zikapotea. Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokuwa katika waja wake wema, na awape subira waliobaki.

Kila msiba wa namna hii utokeapo, neno la kwanza lisikikalo matangani ni kuwa imeandikwa. Neno hilo ni kweli, nasi twaiamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini neno la kweli laweza kutumiwa mahali si pake. Aliyefiwa akilisema, ni subira na ni ibada. Aliyejaza chombo akilisema, ni udhuru. Naye ataka kumtwika Mwenyezi Mungu mzigo uliomwangukia yeye.

Tutazame walivyofahamu waliokuwa bora kuliko sisi. Sayyidna Umar (Mwenyezi Mungu amwie radhi) alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kuwa tauni imeingia nchi ile. Akawashauri Masahaba, kisha akakata shauri la kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama yuaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa ndiyo, twaikimbia kadari ya Mungu kwendea kadari ya Mungu; akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na wa pili ni mkavu: popote atakapolisha, huwa amelisha kwa kadari yake Mola. Umar hakuikanusha kadari. Alikataa kuifanya pazia la kufichia dhima yake, kwani watu wale walikuwa amana mikononi mwake.

Huenda mtu akatuuliza: "Je, mwasema kuwa waliokufa wana makosa?" La, hasha! Kibarua atokaye Mtongwe alfajiri ajua kuwa akichelewa, siku yake imepotea na watoto watalala na njaa. Kumlaumu mtu kama huyo kwa kupanda chombo kilichokuwa mbele yake ni ukosefu wa haya. Dhima hupimwa kwa mizani ya elimu na uwezo. Ajuaye zaidi ataulizwa zaidi, na awezaye kuzuia ataulizwa kuliko asiyeweza. Mwenye kukiendesha chombo, mwenye kukikagua na mwenye kutawala, hao ndio wa mwanzo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga.

Lakini mizani hiyo haiishii kwa wenye vyombo. Yarudi kwetu sisi tukaao darasani baada ya Magharibi. Tumetumia masiku mengi kubishana juu ya khitima na maulidi. Ni khutba ngapi tulizozitoa juu ya chombo kilichojaa kupita kadiri yake? Ni mara ngapi tumepanda gari Changamwe au Kisauni, tukaona abiria wananing'inia mlangoni, nasi tunaijua aya ikatazayo mtu kujitia katika maangamizo, tukanyamaza kwa kuogopa kuitwa wenye maneno mengi? Elimu tulikuwa nayo. Lijamu ndiyo iliyokuwa ukutani.

Sheikh wetu Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwataka Waislamu wajitazame nafsi zao kabla ya kuwatupia wengine lawama. Wito huo haujachakaa. Mtu hupenda kusema "serikali", na "watu wa siku hizi", na "wakati umeharibika". Qur'ani yatwambia kuwa hapana nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Siku ya hesabu hatutasimama kama umati uliosukumana kwenye lango la feri. Tutasimama mmoja mmoja.

Basi yatupasa tuanze na yaliyo katika uwezo wetu. Mwenye nafasi ya kungoja chombo cha pili na angoje, amwachie mahali mwenye haraka ya riziki. Mwenye gari asiuze kiti kisichokuwapo. Tajiri asimkate kibarua ujira kwa kuchelewa kulikosababishwa na kivuko, kwani pengine ukali huo ndio unaomsukuma kwenye hatari. Khatibu ayaseme haya juu ya mimbari, kama asemavyo juu ya swala na funga. Na sisi tuandikao tuwe wa kwanza kuulizwa tulitenda nini.

Ewe Mola wetu, tupe hikima itakayotuzuia, wala usitupe elimu itakayokuwa hoja juu yetu. Amin.