Kubeba Bila Kuugua

Jina lake la kitaalamu ni Streptococcus agalactiae, na hilo neno la pili limetoka kwenye Kigiriki, likiwa na maana ya kukosa maziwa. Waliompa jina walikuwa wanahangaika na ng'ombe waliovimba viwele na kukauka maziwa. Wanawake hawakuwa kwenye hesabu. Ni miaka ya 1930, baada ya Rebecca Lancefield wa Marekani kuyapanga makundi ya streptokoka kwa herufi, ndipo ilipoonekana kwamba hao wa kundi B wanaishi pia ndani ya wanawake wenye afya njema. Wanakaa utumboni na ukeni, hawamsumbui mwenyeji wao, wanakuja na kuondoka bila kuaga. Hawatokani na uchafu wala uasherati. Taabu inaanza mtoto anapopita.

Wengi wanapita salama. Wachache huugua ndani ya saa chache au siku chache za mwanzo: nimonia, maambukizi kwenye damu, homa ya uti wa mgongo. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni vifo takriban 150,000 kwa mwaka, ukijumlisha na watoto wanaozaliwa wakiwa wamekufa.

Mimi ni mtu wa maabara. Hapa Tanzania kipimo hiki hakimo katika vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito, lakini hospitali binafsi ninayofanya kazi inakifanya kwa anayekiomba au aliyeandikiwa na daktari wake. Kijiti cha pamba kinapitishwa ukeni kisha kwenye njia ya haja kubwa. Kinatumbukizwa kwenye mchuzi wa kuoteshea uliotiwa dawa za kuwazuia bakteria wengine, kinalala humo kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Kesho yake nachota kidogo na kuchora kwenye sahani ya damu ya kondoo. Keshokutwa, kama wapo, naona vidoa vya kijivu vyenye duara jembamba angavu kuvizunguka, pale damu ilipoyeyushwa. Ili kuthibitisha nawachora karibu na mstari wa Staphylococcus, na mistari inapokaribiana damu inayeyuka kwa umbo la kichwa cha mshale. Njia hiyo ni ya mwaka 1944 na bado inafanya kazi. Inapendeza kuitazama. Inabidi nijikumbushe kwamba mshale ule unamhusu mtu aliyeko nyumbani kwake anakunja khanga za kujifungulia.

Sasa hesabu. Chukua wajawazito 1,000, tuseme 200 kati yao wamebeba. Bila dawa, karibu nusu ya watoto wa hao 200 watazaliwa na bakteria mwilini bila kuumwa chochote. Watakaougua ni wawili hadi wanne. Kuwakinga hao wawili au wanne, mama wote 200 wanawekewa penisilini kwenye mshipa wakati wa uchungu. Marekani ilikubali bei hiyo. Tangu 2002 mwongozo wao unataka kila mjamzito apimwe, na ugonjwa wa wiki ya kwanza, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa unapata karibu watoto 2 kwa kila 1,000, umeshuka hadi takriban mmoja kwa kila 4,000. Uingereza haipimi wote. Inaangalia hatari: homa wakati wa uchungu, uchungu uliowahi mno, mtoto aliyetangulia kuugua. Takwimu wanazosoma ni zilezile. Wanachobishania ni watu wangapi wazima wanaweza kutibiwa kwa ajili ya mmoja ambaye hakuna anayemjua.

Ningeweza kubaki kwenye hesabu hizo, maana zinanistarehesha, kama asingekuja dada mmoja mwenye mimba ya wiki 36. Ilikuwa mimba yake ya pili. Mtoto wa kwanza alifariki akiwa na siku mbili. Jibu lake lilitoka chanya, akarudi dirishani kwangu na karatasi mkononi.

"Mdogo wangu, mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Si mgonjwa, dada. Umebeba tu."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo yule wa kwanza nilimuua mimi?"

Jibu la kimaabara lilikuwa rahisi, na nilimpa. Damu ya mtoto yule haikupimwa na mtu yeyote. Bakteria hawa wanakuja na kuondoka, kwa hiyo sahani ya wiki hii haiwezi kusema lolote kuhusu mimba ya miaka mitatu iliyopita. Yote ni kweli. Lakini hakuwa ameuliza habari za sahani.

Kiswahili hakitusaidii hapa. Tunabeba mimba, tunabeba mzigo, tunabeba lawama, na sasa tunabeba bakteria, kwa kitenzi kilekile. Ukimwambia mtu amebeba, umeshamtwika. Wanafalsafa wametufundisha kutenganisha chanzo na hatia: anayelaumiwa ni yule aliyejua, au aliyepaswa kujua, na akawa na uwezo wa kutenda vingine. Kwa kipimo hicho dada yule hana kosa lolote, hata kama bakteria walitoka kwake. Hapo wala sioni ugumu.

Ugumu uko mbele, kwenye mimba aliyo nayo sasa. Kabla ya kijiti cha pamba hakuna ambaye angemlaumu kwa lolote. Baada ya jibu langu, tuseme uchungu ukamkuta usiku, nauli hakuna, akajifungulia kwa jirani, na mtoto akaumwa. Atatokea mtu, huenda ni wifi, huenda ni nesi, atakayesema: si ulijua? Kipimo kimemfanya awe mtu wa kulaumika. Mimi niliyekifanya nimebaki na saini yangu tu.

Wapo wanaosema kwa hiyo bora tusitafute. Kama huwezi kumhakikishia dawa, usimfungulie mlango wa hofu. Hoja hii inaonekana ya huruma mpaka ukumbuke ilivyowahi kutumika. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, damu iliyobaki baada ya kupimwa kaswende kliniki ilipimwa VVU bila jina, ili ukubwa wa janga ujulikane. Mama hakuambiwa jibu, kwa sababu jina lilikuwa limeshaondolewa kwenye kichupa. Mwanzoni walijitetea kwamba dawa hazipo. Dawa zilipopatikana utetezi ule ukapungua nguvu, na utaratibu ukaanza kuachwa. Kila ninapowafikiria wanawake wale naona ajabu moja: taifa lilijua kuhusu wote na halikumjua hata mmoja.

Na bila kutafuta tusingekuwa hata na la kubishania. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2009 uliwakuta asilimia 23 ya wajawazito waliopimwa wamebeba. Ule wa Kilifi, pwani ya Kenya, wa 2016, uliwakuta takriban asilimia 12, ukaonyesha pia kwamba bakteria hawa wanahusika na baadhi ya watoto wanaozaliwa wakiwa wamekufa. Hao penisilini ya wakati wa uchungu haiwafikii, imechelewa. Kabla ya kazi kama hizo, mtoto aliyefariki siku ya pili kijijini alizikwa na sababu yake, na mama akabaki na maelezo ya majirani. Usifikiri majirani hawana lawama za kugawa. Wanazo, tena hazina kiwango cha makosa.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kutafuta. Ila sikubali kwamba jibu likishatoka dirishani limekuwa mali na jukumu la mama peke yake. Anayeamua kumpima mtu mzima asiye na dalili, ambaye hakuja akilia maumivu, ameanzisha yeye jambo hilo. Penisilini inatakiwa iingie angalau saa nne kabla ya mtoto kutoka, na saa nne hizo zina vitu vingi ndani yake ambavyo mama hana mamlaka navyo: barabara, bodaboda, mkunga wa zamu aliyesoma kadi, kichupa kilichopo kabatini na funguo za kabati.

Fomu yetu ina nafasi ya jibu, tarehe na saini. Haina nafasi ya kuandika nani atalisoma saa tisa usiku. Siku hizi likitoka chanya naandika juu ya kadi kwa kalamu nyekundu, kisha napiga simu wadi ya wazazi, nauliza kama penisilini ipo, na kwenye daftari langu naandika jina la aliyepokea simu. Juzi mkunga mmoja alitaka kujua jina lake nalitakia nini. Nikamwambia ni la kumbukumbu, akanitajia yote matatu, polepole, nisikosee herufi.