Kihenge Kikubwa Kuliko Kuku

Mstaafu mmoja wa Kibaha alipata hasara kubwa kwa hesabu ambayo haikuwa na kosa hata moja. Alikuwa na kuku wa mayai 1,500. Kuku wa mayai hula wastani wa gramu 120 kwa siku, kwa hiyo banda lake lilikuwa linamaliza kilo 180, yaani mifuko mitatu na nusu na kidogo. Kila wiki yuko dukani, na kila akirudi anakuta bei imeongezeka. Mwezi wa saba akasikia kwamba mahindi yameshuka bei kule Kibaigwa. Akakaa na daftari lake, akajumlisha na kutoa, akaona kwamba akinunua kwa mkupuo, akasaga na kuchanganya mwenyewe, atapumua mpaka karibu na Krismasi.

Mpaka hapo sina la kumlaumu. Mambo yaliharibika alipokwenda kwa fundi wa kuchomelea na kumuuliza, "Kwa pesa hii, unaweza kunitengenezea kihenge kikubwa kiasi gani?" Fundi hajawahi kufuga hata njiwa. Alijibu anachokijua, bati na vyuma: tani 18. Kihenge cha mviringo, sakafu bapa, kimlango pembeni chini cha kutolea, mfuniko juu. Kikasimama uani kinang'aa, na majirani wakawa wanakuja kukishangaa.

Tani 18 kwa kilo 180 kwa siku ni siku 100. Anayechagua kihenge cha chakula cha kuku inabidi aanzie mdomoni mwa kuku: wanakula kiasi gani, na chakula chenyewe kinavumilia siku ngapi. Mahindi ya punje yakiwa makavu sawasawa hukaa miezi, kwa kuwa punje ina ganda lake. Ukishayasaga ulinzi huo umekwisha. Unga unavuta unyevu wa hewani, mafuta ya dagaa na ya pumba yanaanza kuchacha, na vitamini za premiksi zinapungua nguvu siku hadi siku kwa sababu ya joto na kwa kukaa pamoja na madini. Kwa hali ya hewa ya Pwani, chakula kilichokwisha changanywa mimi sikipi zaidi ya wiki tatu. Kwa kuku wa mzee huyu, wiki tatu ni kilo 3,780. Chakula cha unga kina uzito wa kilo 600 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo alihitaji chombo cha mita saba za ujazo, basi. Alijengewa cha mita 30. Na kwa kuwa mashine ya kusaga aliikodi, akaona si busara kuirudisha ikiwa bado ina nafasi ya kazi, akasaga na kuchanganya shehena yote, mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na premiksi, akajaza mpaka juu.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja kijana wa banda akaja na ndoo tupu.

"Shikamoo mzee. Chakula hakishuki."

"Marahaba. Umegonga?"

"Nimegonga mzee, kinalia kama kitupu, lakini kimejaa."

"Ongeza kugonga."

Kijana akachukua nyundo. Bati likabonyea, na kila lilipobonyea ndani pakatokea kishikio kipya cha kuzuia unga, kwa hiyo kesho yake ikabidi agonge zaidi. Unga una tabia ya kushikana na kujenga daraja: juu kumejaa, mlangoni kweupe, katikati kuna pango. Ndiyo maana vihenge vya chakula cha unga hupewa kitako cha koni chenye mwinamo mkali, nyuzi 60 au zaidi, ili mzigo wote uteleze kwa pamoja. Sakafu bapa hufanya kinyume. Kinachotoka ni mkondo mmoja tu wa katikati, kutoka juu moja kwa moja hadi mlangoni. Cha pembezoni hakisogei. Ukijazia chakula kipya juu, hicho kipya ndicho kinachotangulia kutoka, na cha zamani kinabaki kimelala ukutani wiki baada ya wiki bila mtu kujua.

Siku ya tatu kijana akapanda juu na mti mrefu, akafungua mfuniko, akawa tayari kuingia. Bahati mke wa mzee alimwona, akamfokea mpaka akashuka. Nasema bahati kwa sababu mtu akisimama juu ya daraja la unga au nafaka, linaweza kukatika chini yake, akafunikwa na kukosa pumzi kabla watu hawajafika. Hakuna chakula cha kuku kinachostahili kufuatwa mle ndani kwa miguu.

Mwezi wa kumi vuli ikaanza. Mchana bati lilikuwa halishikiki kwa joto, usiku likapoa ghafla. Hewa ya ndani, iliyobeba unyevu wa chakula chenyewe, ikapanda na kugonga bati lililopoa, ikageuka matone na kudondoka juu ya chakula, kama maji ya mfuniko wa sufuria ya wali. Tundu la hewa halikuwepo, maana mzee aliogopa panya. Tundu lenye wavu mgumu wa chuma na kofia ya kuzuia mvua lingetosha kwa panya na kwa hewa pia. Pale kimlango kilipochomelewa palikuwa na upenyo mwembamba, na kihenge kimekaa chini kabisa, juu ya zege lisilo na mwinamo. Kila mvua iliponyesha, maji yalituama kwenye kitako.

Kuku hawakufa. Hilo ndilo lililomponza. Mayai yalipungua polepole, trei mbili kwa siku, kisha tano, maganda yakawa laini, kinyesi kikabadilika. Akanunua vitamini. Akanunua antibiotiki. Akabadilisha maji. Akamshuku kijana kwamba anauza mayai, na hilo lilimuumiza kijana kuliko nyundo yote aliyopiga. Kuku mkubwa huvumilia sumukuvu kwa muda mrefu huku ini lake linaharibika, na mfugaji anahangaika na magonjwa ambayo hayapo.

Waliofichua jambo ni bata wa jirani. Kijana alikuwa akikutana na madonge ya unga mlangoni, ya kijivu na kijani, yana harufu ya uvundo. Mzee akaona kuyatupa ni kupoteza, akampa mama wa jirani mwenye bata. Vifaranga vya bata vikaanza kufa, kimoja kimoja, kisha kwa makundi. Mama akaja na viwili kwenye ndoo, akaviweka barazani. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Baba, hivi ulivyonipa ulikuwa umeshavijaribu kwa kuku wako?"

Bata na bata mzinga ni wepesi sana kudhurika na sumu hii, kuku ana nafuu. Uingereza mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache, na kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo, ugonjwa ukaitwa X. Uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yenye kuvu aina ya Aspergillus flavus. Kwetu sumu hiyohiyo imeua watu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua 317, wakafa 125, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Na anayedhani chakula kilichoota ukungu kinafaa kumalizwa na ng'ombe ajue kwamba sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa.

Daktari wa mifugo alipasua kuku wawili, maini yakawa ya manjano, yanavunjika vidoleni. Akataka kihenge kifunguliwe. Walipokata bati pembeni, ukuta wa unga ulibaki umesimama wenyewe, mgumu kama tofali, unene wa karibu nusu mkono, una joto ndani. Tani nne na ushei zilifukiwa shimoni, na chokaa juu.

Yule yule fundi aliitwa tena, safari hii akiwa na daktari pembeni yake. Bati zima likageuzwa vihenge viwili vya tani mbili mbili, vyenye koni, juu ya miguu ya chuma ili hewa na ndoo vipite chini, vikapakwa rangi nyeupe na kuwekwa kivulini upande wa mashariki wa banda. Kimoja kikitumika, kingine, kilichokwisha liwa mpaka chembe ya mwisho, kinafagiliwa, kinakaushwa, ndipo kijazwe. Bei ya kazi ya pili ilizidi ya kwanza, jambo ambalo mzee hulitaja kila akipata msikilizaji.

Kibaigwa anakwenda bado, na anafanya vizuri. Ila mahindi anayaleta ya punje, yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na anayahifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Kabla ya kulipa hutia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, anatikisa, anasubiri kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, anaondoka. Kusaga ni kila Jumamosi, cha kutosha wiki moja.

Kijana aliombwa radhi, akaongezewa mshahara kidogo. Mama wa bata alilipwa vifaranga ishirini, akavipokea. Mfuko wa pumba alioletewa juu yake, kama nyongeza, aliurudisha siku ileile.