Mananasi na Haki ya Jirani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mtu apitaye njia itokayo Bagamoyo kwenda Msata huyaona mashamba ya mananasi, na hasa upande wa Kiwangwa. Mkulima hupanda chipukizi, akapalilia, akangoja mwaka na zaidi. Na shina humzalia tunda moja tu. Kisha shina lile halizai tena, bali hutoa machipukizi ubavuni mwake, na hayo ndiyo yazaayo baada yake.

Yaulizwa: je, mananasi yana zaka? Jawabu katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kuwa hayana. Zaka ya mazao huwajibika katika tende na zabibu, na katika nafaka ziliwazo na kuwekwa akiba, kama mpunga, mahindi na mtama, zitimiapo nisabu. Ama fedha ipatikanayo kwa kuyauza mananasi ina hukumu yake, ikitimia nisabu na ikapitiwa na mwaka.

Basi wako wasemao: sheria haikutudai, hatuna deni kwa mtu. Hapo ndipo mguu utelezapo. Kutodaiwa zaka si ruhusa ya ubahili. Suratul Qalam yatoa habari ya wenye shamba walioapa kuvuna asubuhi, wakaenda wakinong'onezana asiingie maskini. Kumbe limekwisha haribika usiku, nao wamelala. Na Mtume, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amefundisha kuwa Mwislamu akipanda mti, akala humo ndege au mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake.

Mwenye akili na alitazame shina la nanasi. Tunda lake huuzwa sokoni likasahauliwa. Kilichobaki ni kile lilichokitoa ubavuni. Na mwenye shamba ni vivyo hivyo. Jirani aliyepewa nanasi hula siku moja. Aliyepewa machipukizi akapanda, naye hupata cha kuwapa wengine. Machipukizi nayo yana bei, na kuyatoa huuma nafsi. Lakini sadaka isiyouma nafsi haiipimi imani ya mtu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.