Hadaa ya Kazi ya Mitindo na Mkataba Usiosomwa



Ndugu zetu Waislamu, mwezi uliopita alitujia mzee mmoja baada ya darsa ya Alasiri hapa Garissa, mkononi ana karatasi sita za Kiingereza. Binti yake wa miaka 19 ameambiwa na mtu aliyeziona picha zake katika simu kwamba kimo chake na uso wake vyafaa kwa kazi ya mitindo, yaani kuvaa nguo za matajiri wa Ulaya na kutembezwa nazo mbele ya watu. Nauli ni juu ya wakala, chumba ni juu ya wakala. Mzee akatuuliza swali moja tu: "Sheikh, ni halali au ni haramu?" Jawabu letu juu ya mavazi alikuwa akilijua kabla hajafungua kinywa. Walakini zile karatasi hapana aliyezisoma, si yeye, si mkewe, wala si binti mwenyewe aliyetakiwa kutia sahihi.

Tukazisoma, tukisaidiwa na kijana wetu mmoja mwalimu wa sekondari. Katika ukurasa wa nne imeandikwa kwamba nauli, viza, chumba na gharama ya kupigwa picha vyote ni mkopo, utakatwa katika malipo ya binti. Malipo yenyewe hayakutajwa. Wala haikuahidiwa hata siku moja ya kazi.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya karatasi hii moja. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la London lilieleza khabari ya vijana waliochukuliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, wengi wao watu wa Sudan Kusini. Walipelekwa Ulaya, wakakaa wiki kadhaa au miezi, kazi haikutosha au haikupatikana, wakarudishwa kambini wakidaiwa maelfu ya yuro. Kakuma si Dadaab, ni kweli. Lakini Ifo, Dagahaley na Hagadera ziko katika kaunti yetu hii, nazo zina mabinti warefu wa umbo lile lile, na umasikini ule ule.

Tazameni basi hila yake ilivyo. Wakala huwachukua wengi kwa pamoja. Akipendwa mmoja, wakala hupata fungu katika kila malipo yake. Wasiopendwa hubaki na deni, na khasara ya biashara ya mtu mwingine ikawa juu ya vichwa vyao. Na wako wezi wa chini kuliko hawa, wasiompeleka mtu popote: hutaka ada ya kuandikishwa na ya albamu ya picha, ikiingia katika simu yao hawaonekani tena.

Sheria yetu imenena nini? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Imeamrisha deni liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu, na anayedaiwa ndiye aseme maneno yaandikwe. Na akiwa hawezi kusema mwenyewe, walii wake amsemee kwa haki. Linganisheni na hii karatasi. Mdai ameandika peke yake, kwa lugha yake, na mdaiwa hajui kuwa anadaiwa! Na katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mwenye kuajiri lazima ujira wake ujulikane na kazi yake ijulikane. Ujira usipojulikana mkataba huo ni fasidi, na aliyekwisha kufanya kazi hustahiki ujira wa mfano wake. Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani ni maji, akamkemea mwenye kuuza. Na rundo lile lilikuwa la chakula, si la maisha ya mtu.

Akisema mtu, "Nyinyi masheikh mwazungumza deni na kuacha jambo kubwa, nalo ni kujifunua," tutamjibu kwamba hatukuliacha. Halima Aden, Msomali aliyezaliwa Kakuma mwaka 1997 na kulelewa Marekani, aliingia kazi hii na hijabu yake, na sharti la hijabu likaandikwa katika mkataba wake; juu ya hayo, mwezi wa Novemba 2020 alitangaza mwenyewe kuwa ameiacha kwa ajili ya dini yake. Sisi tumepiga kelele juu ya nguo miaka mingi, na tutaendelea. Lakini binti akikisikia kilio chetu cha nguo peke yake, atayaficha yale makaratasi, atasafiri usiku, na hapana wa kumsomea ukurasa wa nne. Kosa hilo ni letu. Katika soko la mifugo hapa mjini, dalali hudhamini kuwa ng'ombe si wa wizi kabla ya pesa kupita mkono. Nani alimdhamini huyu mtu wa simu?

Mwenye kuletewa khabari kama hizi aulize katika Mamlaka ya Ajira ya Taifa kama wakala ameandikishwa. Na ajue kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2010 juu ya biashara ya binadamu inamhukumu mwenye kumsafirisha mtu kwa hadaa ili amtumie kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, wala kuridhika kwa aliyehadaiwa si udhuru.

Yule mzee tulimwambia asitie mkono, wala binti asitie. Alimtaka wakala aandike ujira na siku za kazi kwa Kiswahili na Kisomali, hajajibiwa. Juzi binti alikuja na mamake, akaketi nyuma ya pazia, akatuuliza kwa adabu: amemaliza sekondari miaka miwili sasa, nasi tuliomzuia tuna kazi gani ya kumpa? Hatukuwa na jawabu. Tumeliweka swali hilo mbele ya wenye maduka na wenye malori wanaohudhuria darsa hii, na Ijumaa ijayo, Inshallah, tutawasikiliza wao.